Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kuvuja kwa Bendera Kati ya Timu

Ndugu wanachama,

Karibuni. Mambo ya fedha, ada na kodi ya seva ameyaandika mtunza hazina kwenye kabrasha lenu. Sitayarudia, ila niwakumbushe wale ambao ada yao bado "iko njiani" kwamba foleni ya Dar huwa haidumu mwaka mzima. Mafunzo ya Jumamosi pale Kijitonyama yanaendelea na viti havitoshi. Muda wangu nautumia kwa jambo moja lililoichosha kamati kuliko yote: timu kupeana majibu katika mashindano yetu ya mtandaoni.

Kwa wanachama wapya, mashindano ya kunyakua bendera (CTF), yaani ya kufumbua mafumbo ya usalama wa kompyuta, si mageni duniani. Yale ya DEF CON, mkutano wa wadukuzi kule Las Vegas, yalianza mwaka 1996. Ndani ya kila fumbo imefichwa bendera, yaani mstari wa herufi na tarakimu. Ukiupata unaubandika kwenye jukwaa na pointi zinaingia. Shida ni kwamba mstari huo unatosha kwenye ujumbe mmoja wa WhatsApp, na kazi ya usiku kucha ikahamia timu nyingine kabla chai haijapoa.

Wapo wanaosema tuwaache vijana wasaidiane. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni ya hesabu. Pointi zetu hushuka: fumbo linaanza na 500, na kadiri timu zinavyolifumbua ndivyo thamani yake inavyopungua hadi 100. Bendera ikivuja kwa timu tano, anayeumia ni yule aliyeitafuta kwa jasho lake, kwa sababu pointi zake zinayeyuka huku anaziangalia. Anayempa rafiki jibu anagawa mali ya mwenzake.

Sasa malalamiko. Mwaka huu tulipokea mengi, na niseme wazi kwamba mengi hayakuwa na mguu wa kusimamia. Timu moja ilitaka wapinzani wao wawili waondolewe kwa kuwa anwani zao za IP (namba zinazotambulisha muunganisho wa mtandao) zilifanana. Kamati ilifuatilia. Timu hizo zinakaa hosteli moja huko Sinza na zinachangia ruta moja. Hata wangetumia bando za simu, jibu lingeweza kuwa lilelile: anwani za IPv4, yaani za mfumo wa zamani ambao bado unatumika sana, hazizidi bilioni 4.3 dunia nzima, kwa hiyo kampuni za simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja. Tulipolinganisha kumbukumbu za seva, yaani rekodi za nani alifanya nini na lini, timu hizo zilikuwa zimefumbua mafumbo kwa mpangilio tofauti kabisa, na kila moja ilikuwa na makosa yake. Tukafuta shauri. Kwa jiji hili, anwani ya IP ni dokezo la kuanzia uchunguzi, haitoshi kumhukumu mtu.

Shauri la pili lilikuwa gumu zaidi, na nalieleza kwa urefu kwa sababu limetufundisha kazi. Fumbo lilikuwa picha, na bendera yake ilisomwa kwa macho. Timu mbili ziliandika sifuri mahali penye herufi O, moja ikifuata nyingine kwa dakika chache. Nusu ya kamati iliona kesi imekwisha. Mjumbe mmoja akapinga: sifuri na O zinafanana, yeyote angeweza kukosea hivyo. Alikuwa na haki. Kilichomaliza ubishi ni kumbukumbu nyingine: timu ya pili ilituma jibu hilo bila mjumbe wake hata mmoja kuwahi kupakua picha yenyewe. Walipoitwa hawakubisha. Waliondolewa, na waliowapa jibu wakanyang'anywa pointi za fumbo hilo.

Nawaomba mkumbuke pia kwamba timu ikituma bendera nyingi kwa mpigo haina maana imezipata kwa mtu. Umeme ukikatika au intaneti ikizama, kama Mei 2024 nyaya za baharini zilipoharibika na nchi nzima ikahangaika, vijana huendelea kufumbua walichokwisha kupakua, kisha hutuma vyote mtandao unaporudi.

Badala ya kuendelea kukimbizana na dalili, kamati ya ufundi imeanza kutoa bendera tofauti kwa kila timu. Wazo si letu. picoCTF, mashindano ya wanafunzi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, ilitumia matoleo tofauti ya mafumbo kwa timu tofauti tangu mwaka 2014. Seva inachukua namba ya timu na jina la fumbo, inavipitisha pamoja na ufunguo wa siri kwenye njia ya HMAC (hesabu inayotoa mstari ambao asiye na ufunguo hawezi kuubuni), iliyochapishwa hadharani tangu 1996, na kinachotoka kinakuwa sehemu ya bendera. Timu B ikibandika bendera ya timu A, jukwaa linajibu tu "si sahihi" kama kawaida, ila linaandika kimyakimya bendera ni ya nani na nani ameileta.

Gharama yake ipo. Fumbo la tovuti linahitaji kontena (nakala ya programu inayojitegemea ndani ya seva) la kila timu, na RAM ya seva inaliwa haraka kuliko pilau ya harusini. Mafaili makubwa ya uchunguzi wa diski yatabaki na bendera moja kwa wote, kwa sababu hatuna nafasi ya kuhifadhi nakala ya kila timu.

Na bendera za pekee zinamnasa mvivu tu. Mjanja atamtumia mwenzake programu nzima ya kufumbulia, huyo mwenzake ataiendesha kwenye kontena lake, na bendera itakayotoka itakuwa yake halali. Kwa hao, tunapendekeza timu tano za juu ziwasilishe maelezo ya jinsi zilivyofumbua ndani ya saa 24, kisha ziulizwe maswali ana kwa ana kabla ya zawadi kutolewa. Mtu aliyehangaika na fumbo anajua hata njia zilizomgomea. Aliyepewa hajui.

Kuna tahadhari mbili ambazo sitaki zipuuzwe. Bendera ya timu A kuonekana kwa timu B haithibitishi kwamba A aliitoa: huenda nenosiri lao limezagaa, au kompyuta iliachwa wazi, au kontena letu wenyewe limegawiwa vibaya. Kwa hiyo timu zote mbili ziitwe, na kamati ya ufundi ikague mitambo kabla ya adhabu yoyote. Pili, kumbukumbu hizi ni taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu. Washiriki waambiwe wakati wa kujisajili tunachokusanya na sababu yake, na kumbukumbu zifutwe rufaa zikishaisha.

Rasimu ya kanuni imeambatishwa kwenye kabrasha. Inaweka pia kwamba ufunguo wa siri utashikwa na wajumbe wawili wasio na timu mashindanoni, na kwamba rufaa itasikilizwa na watu ambao hawakutoa uamuzi wa kwanza. Ninaomba mkutano uipitishe leo ili ianze kutumika kabla usajili haujafunguliwa.

Naomba kutoa hoja.

Mwenyekiti
Dar es Salaam