Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu: Tangi Kwanza, Injini Ingoje

Mpwa wangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Mama yako amenieleza kwamba ile Ford Escort ya zamani uliyoinunua imekwisha kufika Malindi, na kwamba unataka kuliondoa tangi lake la bati na kuitia tangi la usalama, yaani fyueli seli, kabla hujaiingiza katika mbio za magari ya kale. Uamuzi huo nauunga mkono kwa moyo wote. Ninalolipinga ni shauri ulilopewa gereji, kwamba fundi wa kuchomelea akuundie sanduku la alumini, alipake rangi nyeusi, na hilo ndilo liwe tangi lako la usalama. Nakuandikia hadharani kwa kuwa vijana wenzako huenda nao wakapewa shauri hilo hilo.

Sanduku la alumini lisilo na mfuko wa mpira ndani yake ni tangi la kawaida tu. Likigongwa kwa nguvu hupasuka kwenye mshono, na petroli ikamwagika papo hapo. Fyueli seli ya kweli ni mfuko wa mpira ulioimarishwa kwa kitambaa kigumu cha nailoni au Kevlar, ambao ukigongwa hukunjika pasi na kuchanika. Sanduku la nje kazi yake ni kuulinda mfuko huo na mawe na vyuma. Ndani hutiwa sponji maalumu, ambayo hula nafasi kidogo, lakini huyatuliza mafuta gari linapokata kona na huzuia mvuke usilipuke kwa mara moja endapo moto utaingia. Watu walikufa kabla haya hayajazingatiwa. Mwezi wa Mei 1964, kule Marekani, Fireball Roberts aliungua vibaya katika mbio za Charlotte na kufariki Julai, na tarehe 30 ya Mei hiyo hiyo Eddie Sachs na Dave MacDonald waliangamia katika moto wa Indianapolis. Ni baada ya misiba hiyo ndipo mifuko ya aina hii ilipoanza kuwa sharti katika magari ya mbio.

Nasikia pia kwamba yuko mtu wa Mombasa anayetaka kukuuzia mfuko uliokwisha kutumika. Usiukatae kabla ya kuutazama, ila ujue pa kutazama. Mfuko uliokubaliwa na FIA, yaani shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, huwa na alama ya kiwango chake, FT3-1999, FT3.5-1999 au FT5-1999, pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Umri wake ni miaka 5 tangu tarehe hiyo, na hauongezwi ila mtengenezaji mwenyewe aukague na kuuidhinisha upya, tena kwa muda usiozidi miaka 2. Kisha fungua bamba la juu, chomoa kipande cha sponji, ukifinye juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha unga au chembechembe, sponji hiyo imeoza, na makombo yake yataziba chujio na kabureta ukiwa katikati ya pori.

Kazi kubwa zaidi iko katika kulifunga. Usiliache tangi lishikwe na sakafu ya buti peke yake, kwani bati hilo ni jembamba, na katika gari la umri huu huenda limeshaliwa na kutu. Unda fremu ya vyuma iliyoshikana na chasisi, maana lita 60 za petroli zina uzito wa kilo 45 hivi, na uzito huo wote hudunda kila gari linapotoka shimoni. Tangi lisishuke chini ya difu, yaani lile bonge la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma, la sivyo mawe ya njia za porini yatalifikia. Alumini inapokutana na chuma weka ukanda wa mpira, kwa sababu katika hewa yetu ya chumvi alumini inayogusana na chuma huliwa upesi. Na kwa kuwa mpira huo hukata njia ya umeme, unganisha tangi na bodi kwa waya, isije ikaruka cheche wakati wa kujaza mafuta. Kabla ya kuchomelea chochote, tangi la zamani litolewe na kupelekwa mbali, hata kama ni tupu, kwani mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Baina ya buti na viti ziba kila tundu kwa bati. Paipu ya tangi ya kupumulia iishie nje ya gari na iwe na vali inayojifunga gari likipinduka.

Najua fedha ni za kuhesabu, na kwamba unaota injini kama za zile Escort zilizoshinda Safari Rally mwaka 1972, akiendesha Hannu Mikkola, na 1977, akiendesha Björn Waldegård. Injini ingoje msimu mwingine. Mwambie huyo mtu wa Mombasa akupigie picha ya alama na tarehe ya mfuko, unitumie nami, na usilipe hata shilingi moja kabla hatujaitazama pamoja.

Wasalaam,
Mjomba wako