Wapangaji wa Earl wa Lucan mmewaacha wapi?

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu wa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Makala ya Jumapili iliyopita kuhusu George Bingham, Earl wa tatu wa Lucan (Earl ni cheo cha kikabaila), nimeshindwa kuinyamazia. Mmetueleza farasi wake, sare zake na jinsi alivyoamuru vikosi vya wapanda farasi vya Uingereza kule Balaclava, katika Vita vya Krimea, mwaka 1854. Njaa Kuu ya Ireland mkaipa sentensi moja!

Kabaila huyo alikuwa na zaidi ya ekari 60,000 katika kaunti ya Mayo. Viazi vilipoanza kuoza shambani mwaka 1845, wapangaji wake walikosa chakula, sembuse kodi ya kumlipa. Sheria nayo ilimtwika mwenye ardhi kodi ya kuwasaidia maskini kwa kila kishamba chenye thamani ya pauni 4 kushuka chini, hivyo kila mpangaji mdogo aliyeondoka alimpunguzia mzigo. Basi akawafukuza. Parokia ya Ballinrobe peke yake, kati ya 1846 na 1849, walitolewa watu wapatao 2,000 na vibanda kama 300 vikabomolewa. Wabomoaji walikuja na mitaimbo, wakaangusha paa na kuta ili familia isije ikarudi usiku kujisitiri humo. Mashamba yakaunganishwa yakawa makubwa, na mwaka 1847 Bunge la Uingereza likapitisha kwamba anayeshikilia zaidi ya robo ekari asipewe msaada: ama aachie ardhi, ama afe na njaa. Watu wa Mayo walimwita Mwangamizi. Mwandishi wenu amemwita mrekebishaji wa kilimo. Ni aibu.

Niliwahi kufanya kazi ya uuguzi Ireland, na siku moja ya mapumziko tulitembezwa katika jumba la makabaila. Mtembezaji alikaa sana chumba cha kulia, akatuonyesha vijiko vya fedha na kengele za kuitia watumishi. Nilipouliza wapangaji waliolipia vitu vile walikuwa wakiishi wapi, akanijibu kwamba hayo ni siasa, akatusogeza chumba cha pili. Sikutegemea kukutana na jibu lile lile katika gazeti ninalolinunua kwa pesa yangu.

Na barua zetu mnazikata hadi mistari mitatu, mkazibana chini ya matangazo ya viwanja, huku harusi za matajiri zikipewa kurasa mbili za rangi. Kwa nini?

Nataka mtuandikie habari za Michael Davitt, mzaliwa wa Straide, Mayo hiyo hiyo, 1846. Familia yake ilifukuzwa kwenye kishamba chao akiwa na miaka minne, wakahamia Lancashire, Uingereza, na akiwa na miaka 11 mashine ya kiwanda cha pamba ikamsaga mkono wa kulia hata ukabidi kukatwa. Mwaka 1879 aliasisi Ligi ya Ardhi, chama cha kutetea wapangaji, iliyowatikisa makabaila wa Ireland nzima. Mpeni ukurasa mzima, tena Jumapili, wala msimpeleke Jumanne.

Muuguzi mstaafu,
Mombasa