Barua inayotangulia kifurushi

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Shikamoo yako niliipata jana kwenye simu, na picha ya mchicha wako nimeiona. Nilimwonyesha baba yako akasema, "Huo si mchicha, huo ni uzi." Usimnunie. Mwaka tuliohamia hapa yeye alipanda mnyanya kwenye kopo la lita moja, akawa anaukagua kila asubuhi kama mkaguzi wa shule. Ulizaa nyanya moja, nayo ililiwa na ndege.

Unasema huna mkono wa kupanda. Hakuna cha mkono hapo, ndoo yako haina matundu. Picha nimeikuza nikaitazama vizuri: udongo unang'aa maji juu, majani ya chini yamegeuka manjano. Mizizi nayo inataka hewa, na udongo ukijaa maji hewa haina pa kukaa. Basi mizizi inaoza, majani yananyauka, wewe ukiyaona yamenyauka unadhani yana kiu, unaongeza maji. Mwaga vyote. Pasha msumari mnene kwenye moto, toboa matundu sita au saba kitakoni, kisha ikalishe ndoo juu ya vipande vya tofali ili maji yapate njia. Chini yake kinga beseni, maana yule jirani wa ghorofa ya pili mwenye kuanika mashuka meupe sitaki anitafute mimi.

Kabla hujanunua kitu kingine, nisikilize. Fungu la mchicha liko gengeni hapo chini yako, na mboga ya kulisha nyumba kwa roshani ile hutaipata hata ukijaza ndoo mpaka mlangoni. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa haipungui kilo 30, wewe uko ghorofa ya tatu, na ile roshani si yako. Panda vile unavyovihitaji kidogo kidogo, vile ambavyo sokoni unalazimika kununua fungu zima, ukatumia vijani viwili, vingine vikaoza kwenye friji. Giligilani. Mnanaa. Pilipili. Mchaichai. Kwa mboga nimekuwekea matembele tu, kwa sababu matembele husamehe.

Ndiyo hayo yaliyofungwa kwenye gazeti. Kila kikonyo kina urefu wa shubiri moja na kidogo. Pukuchua majani ya chini, zika pingili mbili au tatu zikiwa zimelala upande, acha ncha nje. Siku mbili tatu za mwanzo yatalegea kama mgonjwa, usiyang'oe kuchungulia kama yameota mizizi (nakujua). Wiki ya nne hivi utaanza kuchuma. Chuma ncha, usinyonyoe majani moja moja, maana kila unapokata ncha yanachipua pembeni.

Kwenye boksi la dawa ya mswaki, lile refu, kuna mbegu za giligilani. Ni zile zile za kwenye bizari, ila hizi hazijakaangwa. Ukiitazama moja kwa karibu utaona imepigwa mistari kama tikiti dogo, na ndani zimo mbegu mbili. Zitie kwenye kitambaa, zisukume taratibu kwa chupa mpaka zigawanyike, usizisage. Zipande pale pale zitakapokulia, kwa sababu giligilani haipendi kuhamishwa. Joto la Dar likizidi itakimbilia kutoa maua, ndiyo tabia yake. Iweke upande wa jua la asubuhi, na kila baada ya wiki mbili mwaga mbegu chache nyingine ili usikose.

Mnanaa ni vile vijiti vitatu. Vitie kwenye glasi ya maji, siku chache tu utaona mizizi myeupe. Upe chombo chake peke yake, ukiuchanganya na mwingine utamfukuza mwenzake. Mchaichai nimeupasua kutoka kwenye shina letu la karibu na bomba, lile lile ulilokuwa ukikwepa zamu ya kulimwagilia. Vitunguu majani sikutumi. Nunua fungu, tumia majani, vile vitako vyenye mizizi virudishe kwenye udongo.

Udongo usichote nyuma ya jengo, pale kuna mabaki ya saruji na rangi. Wale vijana wanaouza miche kando ya barabara wana viroba vya udongo mzuri. Changanya ndoo mbili za udongo, moja ya samadi ya ng'ombe iliyokauka vizuri, na moja ya mchanga, lakini usiwe wa baharini. Samadi ya kuku mbichi usiiguse. Mimi niliwahi kuitia kwenye sukuma wiki, nikijiona mtaalamu, na kabla wiki haijaisha majani yalikuwa yameungua pembeni kama yamepitiwa na pasi. Mama mmoja wa jirani alipita akauliza kama nimeyamwagia maji ya moto.

Na hayo maji yenu ya kisima, unayosema yanaharibu chai, yanaharibu na mimea. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimekauka, ni chumvi. Kinga mvua kwenye ndoo, vuli inakuja. Maji uliyooshea mchele nayo usimwage. Usimwagilie kwa ratiba, tia kidole mpaka kifundo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia. Ila kwa upepo wa huko juu, siku za Januari utatia kidole asubuhi na jioni.

Siku ukiwaona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye pilipili, geuza jani. Wadudu wadogo waliojibana chini ni vidukari, na sisimizi wanafuata utamu wao. Wapanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, rudia baada ya siku tatu. Wakizidi, loweka majani ya mwarobaini usiku mzima, chuja, nyunyiza jioni.

Kifurushi kimeondoka na basi la asubuhi, jina lako liko juu kwa kalamu nyekundu. Saa nane mchana kitakuwa stendi ya Magufuli. Usiniambie utapitia kesho ukitoka kazini, gazeti nimelilowesha lakini hayo matembele hayalali stendi. Ukifika nyumbani yatie kwenye maji kabla hujavua viatu.

Lile beseni langu la bluu uliloondoka nalo Idi, ndilo ukingie maji. Silidai tena.

Mama yako