Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu: homa ya mafua isiyo na homa

Mheshimiwa Waziri,

Asalaam aleikum. Nakuandikia kutoka Mkomani.

Mwaka jana bibi yangu, mwenye miaka 81, aliacha kula. Alikuwa na kikohozi chepesi tu, ila siku ya pili akaanza kumuuliza marehemu babu kama punda amefungwa. Tukampeleka kituo cha afya. Kipimajoto kikasoma 36.9. "Hana homa, ni uzee huo," tukaambiwa, tukarudi na vidonge vya maumivu. Siku ya tano pumzi zikamwia nzito: nimonia. Alipona, alhamdulillahi, lakini ngazi zimemshinda, tumemtandikia chini.

Nadhani jina lenyewe linatuponza. Tunasema homa ya mafua, basi pasipo homa twaona hapana ugonjwa. Kumbe joto lile huwashwa na mwili wenyewe ukipambana na kirusi, na mwili wa mzee hauna kuni za kutosha. Tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ndiyo inayokomaza chembe za kinga, nayo hunywea mtu angali kijana. Uzeeni chembe mpya huwa chache. Za zamani zina kumbukumbu nzuri: mafua ya 2009 yaliwapata wazee wachache kuliko vijana, kwa kuwa wengi wao walishakutana na kirusi cha ukoo ule kabla ya 1957. Kirusi kigeni ndicho kinachowalemea.

Hata chanjo mwili wao huipokea kwa uzito. Ndiyo maana Marekani, tangu 2009, kuna chanjo ya wenye miaka 65 na zaidi yenye nguvu mara nne: mikrogramu 60 kwa kila aina ya kirusi, badala ya 15. Sikuombi hiyo. Ile ya kawaida itatufaa.

Ninaloomba kwanza halina gharama: mzee asirudishwe nyumbani kwa neno la kipimajoto peke yake. Aulizwe anakula? Anajitambua kama juzi? Zihesabiwe pumzi zake.

Kisha chanjo, na ifike Faza na Kiunga pia, si mjini tu. Ije kabla ya Maulidi. Mfunguo Sita kila nyumba ina wageni, na kila mgeni hupitia kumpa bibi mkono. Kinga huchukua kama wiki mbili kujijenga. Sanduku la chanjo likishushwa gatini siku ya zefe, litakuwa limechelewa.

Wako,
Mjukuu, Mkomani