Somo, Karani wako yuko njiani

Sinza, Dar es Salaam
7 Juni

Somo yangu,

Assalaam alaykum, wewe na shemeji na watoto. Kabla hujaninunia zaidi, jua kwamba ule mto wa umbo la Karani, paka wako uliyemwacha Tanga, umekwisha. Umekaa hapa juu ya kabati, mkia umening'inia, na kila nikiingia chumbani nashtuka nikidhani kuna paka kapita dirishani. Nimechelewa miezi miwili, najua. Ramadhani ulipopiga simu ukasema "si mto tu huo, ujaze, ushone, uishe," sikuwa na jibu. Leo ninalo, kaa chini unywe kahawa yako.

Kazi yangu unaijua. Fremu ya mbao, kitambaa kimewambwa kama ngozi ya ngoma, mashine ya tafti mkononi mfano wa drili ya fundi umeme. Unaisukuma kwa nyuma ya kitambaa, sindano inapenyeza uzi, mkasi mdogo wa ndani unaukata, na upande wa pili yanatokea manyoya. Zulia la ukutani nalipiga hata nikiwa na usingizi. Lakini zulia ni kitu cha kulala chali, halina ubavu wala kidevu. Paka wako anavyo vyote, na tumbo juu yake.

Kwanza nilijidanganya. Nilichukua ile picha uliyompiga kwa ubavu, nikachora umbo lake, nikapiga kipande cha kushoto na cha kulia, nikaviunganisha, nikajaza. Kikatoka kitu kama changu wa kukaanga. Mtoto wa kaka yangu akakitazama, akakigeuza, akaniuliza: "Shangazi, hii ni chapati yenye masikio?" Nikakitupa chini ya kitanda, na mpaka leo kiko huko.

Basi nikapanda basi kwenda Tanga kumpima mwenyewe. Usicheke. Nilimkuta pale pale ulipomwacha, juu ya meza ya duka pembeni ya mizani, amekunja mikono chini ya kifua kama kuku anayeatamia, macho nusu. Mama yako akaniambia ameacha hata kushuka wateja wakija, wanapimiwa sukari yeye akiwa pale, anasimamia. Nilipomzungushia futi kiunoni alinikwangua hadi kwenye kiwiko. Ikabidi ningoje ale dagaa wake, alale, ndipo nikampima: urefu sentimita 41 bila mkia, kimo 24 akiwa amekaa hivyo, upana wa makalio 26. Makalio hayo, somo, ndiyo yaliyonitesa.

Niliporudi nilifanya kinyago cha matambara, nikakifunga kwa kamba mpaka kikakaa kama yeye, nikakizungushia karatasi ya nailoni, kisha juu yake selotepu ya karatasi, tabaka mbili tatu, hadi kikawa kigumu. Halafu nikachora mistari ya mishono kwa kalamu ya wino mzito na kuikata kwa wembe. Ganda linatoka kama la chungwa, na kila kipande kikilala mezani ndiyo patani yenyewe. Pale kinapogoma kulala, unakipasua kidogo, na upenyo unaofunguka ndio unaokwambia kiasi cha kukata ili kitambaa kije kizunguke. Nilipata vipande tisa: mgongo mmoja mrefu kutoka kisogoni hadi mkiani, mbavu mbili, kifua, tumbo, uso, masikio mawili na mkia.

Nikasahau jambo moja la kijinga. Manyoya yenyewe yana unene. Mashine yangu nimeifunga itoe uzi wa milimita 14, kwa hiyo kila upande unaongezeka kiasi hicho juu ya patani. Paka wa pili akatoka amenona kama mbuzi wa Idi. Nikarudia kupunguza patani zote kuzunguka, karibu sentimita moja na nusu kila pembe, na hapo Karani akaanza kuonekana.

Uzi nilinunua Kariakoo, akriliki ya kufumia masweta. Rangi yake ya maandazi yaliyoiva niliipata duka la tatu, ya mistari ya mgongoni ikabidi nichanganye: mashine inakula nyuzi mbili kwa mpigo, nikaweka moja ya kahawia na moja ya chungwa iliyofifia, ikatoka ile rangi ya kutu aliyonayo. Tatizo ni kwamba uzi wa madukani unakuja kwa madonge, na mashine inataka uzi unaoteleza wenyewe kutoka kwenye koni. Donge likikwama, mashine inavutwa, na ikivutwa inachana kitambaa. Nimepata tundu la ukubwa wa kiganja ubavuni mwa kulia, nikalitia kiraka cha kitambaa kile kile kwa gundi, nikapiga tena juu yake. Hutaliona. Ila ukilitafuta kwa vidole utalipata, na najua utalitafuta.

Sasa hili ndilo ambalo hakuna aliyeniambia. Kwenye zulia manyoya yanasimama wima, yanaegemeana, kitambaa hakionekani. Ukikipinda kitambaa hicho kiwe mgongo wa paka, manyoya yanatawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na katikati yake unaona weupe wa kitambaa. Kwenye shingo kinyume chake: pale kitambaa kinapobonyea, nyuzi zinasongamana hadi zinasukumana. Kwa hiyo huwezi kupiga mistari kwa nafasi sawa mwili mzima. Mgongoni na kwenye pua nilipiga mara mbili, mstari wa pili katikati ya wa kwanza. Shingoni nikaacha nafasi. Nimejifunza hilo kwa kufumua, na kufumua tafti ni rahisi mno, unavuta tu, kwa sababu kabla ya gundi hakuna kinachoshika uzi ila kubanwa na kitambaa.

Nimekumbuka kitu. Kuna mji unaitwa Dalton, jimbo la Georgia huko Marekani, ambako siku hizi viwanda vya mazulia vimejaa. Chanzo chake ni binti mmoja, Catherine Evans, aliyeshona shuka la kitandani kwa mtindo huu mwaka 1895, kwa mkono, akiwa na miaka 15. Mwaka 1900 akauza la kwanza kwa dola 2.50. Yeye hakuwa na gundi. Alikuwa akifua shuka kwa maji moto ili kitambaa kijikunje na kubana nyuzi, basi. Nilimfikiria sana ile wiki ya gundi, maana mimi ninayo na ilinishinda.

Gundi ya lateksi inanuka amonia hadi macho yanatoka machozi, na jirani akabisha hodi kuuliza kama tunapaka rangi. Kwenye zulia naipaka nene. Nikaipaka nene na kwenye kipande cha mgongo kwa mazoea, ikakauka, na mgongo ukawa mgumu kama ungo. Hata kuukunja goti lilihitajika. Mto unataka gundi nyembamba, ya kupakwa kwa kipande cha kadi na kukwanguliwa, tena ukingoni uache sentimita mbili za kitambaa kitupu kwa ajili ya mshono, kisiguswe. Hiyo masika nayo haikunisaidia. Kitu cha kukauka siku moja kilikaa siku tatu, na nikawa nakipepea kwa feni, umeme ukikatika nakipepea kwa kipepeo cha mkaa.

Halafu sikio. Unajua Karani ana ncha iliyong'oka sikio la kushoto, tangu ule ugomvi na paka wa msikitini. Nililichora vizuri, nikalipiga vizuri, nikaligundisha. Nikaligeuza: ncha iko kulia. Somo, nimefanya kazi hii miaka mitatu na kila siku nawaambia wateja kwamba sisi tunapiga kwa nyuma, kila kitu kinageuka, jina lako lazima nilichore kinyume. Na bado. Hili unaloliona ni sikio la pili. Nalo nilipata akili baadaye: manyoya mbele na nyuma yanalifanya zito, linaanguka kama jani la mgomba. Nyuma nimeweka tafti nikainyoa hadi ikabaki milimita tano, ndani nimeshona kipande cha mahameli ya waridi. Linasimama.

Kunyoa kulifanyika kwa kinyozi wa hapa mtaani. Mashine zangu za kunyolea mazulia ni pana, haziingii kwenye uso. Nilimwendea na uso wa Karani kwenye mfuko, nikamwomba ile mashine yake ndogo ya kuchonga ndevu. Alikataa katakata mpaka mteja aliyekuwa kwenye kiti akasema, "Mnyoe, analipa." Akamnyoa mwenyewe, kwa uangalifu kuliko anavyonyoa watu: mashavu yakabaki marefu, pua fupi, katikati ya macho fupi zaidi. Mipaka ya mistari niliichonga mwenyewe nyumbani kwa mkasi, mfereji mwembamba kati ya rangi na rangi, bila hivyo vinachanganyika na paka anaonekana amemwagiwa chai.

Kuunganisha usifikirie cherehani. Fundi wa mtaa wa pili alijaribu kipande kimoja, sindano mbili zikavunjika, akanirudishia kazi yangu kwa adabu. Nilishona kwa mkono, uzi wa nailoni na shazia ya magunia, na pale pa kujificha sindano ya kupinda. Unashona kwa nje, unachukua kidogo huku, kidogo kule, unavuta, mshono unazama. Kisha kwa ncha ya sindano unayachomoa manyoya yaliyomezwa, moja moja. Jioni nne za kuchomoa manyoya. Nilimaliza tamthilia nzima nikiisikiliza tu bila kuitazama.

Macho nilipambana nayo wiki mbili. Vifungo vilimfanya atoe macho kama aliyekopwa. Nikatarizi macho wazi, akawa na sura ya mwalimu wetu wa hesabu, unamjua. Mwishowe nikatarizi mistari miwili tu ya nyuzi nyeusi, nusu kufumba. Masharubu nilitia ya mshipi wa kuvulia, yakamchoma mtoto shavuni, nikayang'oa.

Nikarudi naye Tanga akiwa amejazwa nusu, kwa sababu mama yako aliapa kwamba mto wa kwenda kwako hautajazwa "pamba ya plastiki" wakati msufi uko nyuma ya nyumba. Mimi nilitaka polyesta: haishikani madonge, ukiloa unakauka. Sufi inajikusanya pembeni na inataka kuanikwa na kuchambuliwa. Tumebishana asubuhi nzima. Nje sufu, ndani sufi, alisema, ndivyo inavyotamkika vizuri. Nikamwambia hata hiyo ya nje si sufu, mama, ni akriliki. Hakunijibu.

Nikauweka mto kwenye meza ya duka, mgongo ukiangalia mlango, nikaenda kunawa mikono. Karani mwenyewe alikuwa uani. Mama yako akaingia na sinia la mchele, miwani iko kichwani, akasema kwa ile sauti yake: "We! Shuka hapo, nimechoka na wewe!" Akampiga kofi la makalio.

Alisimama na sinia lake muda mrefu. Kisha akamgeuza, akautazama ule uso nilioulilia wiki mbili, akasema: "Uso si wake." Akamgeuza tena mgongo. "Huyu ndiye."

Kwa hiyo ukimpokea, mweke hivyo, mgongo mlangoni. Tumboni kuna mshono usio na manyoya, ndipo nilipofungia. Kwa ndani kabisa kuna konzi ya sufi aliyoichambua mama yako, iliyobaki ni polyesta. Tumekubaliana hivyo, nawe usimwambie ni konzi moja. Usimtie kwenye mashine ya kufulia, gundi haitaki kukandamizwa hivyo. Akichafuka mpanguse kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, umkaushe kivulini. Wiki za mwanzo atatoa nyuzi nyuzi, ni za kunyolewa tu, mpitishe kitana. Nyuzi inayotokeza ikate kwa mkasi, usivute. Nakurudia, somo, usivute.

Wifi yangu anasafiri Muscat wiki ya mwisho ya mwezi na amekubali kumbeba. Ameniuliza kama anaweza kumkandamiza kwenye begi. Nimemwambia ampakate.

Karani mwenyewe hajambo. Alimnusa mwenzake, akazunguka mara moja, akapanda juu yake akalala. Picha nitakutumia, nikishapata bando.

Ni mimi somo yako