Kwa wanangu wenye maduka ya vyakula Ngamiani

Wanangu,

Asalaam aleikum. Ramadhani iliyopita nilipita dukani kwa mmoja wenu hapa Tanga, nikakuta wakongwe wamepangwa kwenye jua la saa nane, na swaumu zao, kila mmoja kashikishwa mfuko wa sukari na unga. Ruhusa ya kuondoka hawana mpaka picha ziishe. Bibi mmoja alijifunika uso kwa kanga. Mkamwambia aifunue! Usiku ule sikupata usingizi.

Nimeuza chakula tangu 1980, wakati mwanamke mwenye leseni ya duka mtaani kwetu nilikuwa peke yangu. Mwaka 1983 sukari ilikuwa ya foleni, na msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto, wenye maduka waliogopa hata kuonekana na gunia la akiba. Kulikuwa na mjane akimtuma mwanawe na kikapu kununua nusu kilo ya unga. Nilipima nusu kilo, chini yake nikatia kibaba cha maharage, mtoto asijue. Tulikwenda hivyo miaka miwili, hatukuambiana neno. Mtoto alipomaliza shule, mama yake alinijia na kuku wawili, akaketi, tukazungumza habari za mvua. Jina lake nitazikwa nalo.

Mengine mmeshayasikia kwangu: mizani isiguswe, mtaji usiliwe, mkulima wa Lushoto alipwe siku mzigo unaposhuka.

Mmoja wenu alinijibu kwamba picha zinaleta wateja. Basi pigeni picha magunia. Gunia halina haya.

Wala si nyinyi peke yenu. Bibi aliyeanika mkonge ujana wake wote, leo anapangaje foleni ya sukari? Mji huu umekula jasho lake. Mashamba mengine yamegeuka pori, wakubwa wameshaondoka na chao, yeye hana hata pensheni, na sisi tunamwona wa kumhurumia mwezi mmoja kwa mwaka.

Toeni, wanangu, siwakatazi. Mikono yenu mizuri naijua. Lakini picha ya yule bibi wa kanga ifutwe leo. Na fitri ikifika, pishi yake ya mchele ipelekwe baada ya Isha, apeleke mtoto, simu ibaki dukani. Kama nyumba yake hamuijui, njooni niwaonyeshe.

Mama yenu wa duka la kona