Shukrani kwa fundi wa fremu, Majengo

Nataka watu wajue alichonifanyia fundi mmoja wa fremu karibu na soko la Majengo, hapa Dodoma. Mchoro alioniachia marehemu mama, wa alizeti zilizonyauka ndani ya chungu, ulibanwa kwenye msongamano wa daladala. Kioo kikapasuka, mvua ikaingia.

Fundi hakukurupuka. Alitoa vipande vya kioo kimoja kimoja kwa koleo, akaulaza mchoro kivulini juu ya kitambaa safi cha pamba. Alikataa kabisa kuuanika, kwani jua la huku lingepausha rangi. Ulipokauka akaukatia kadibodi mpya, akaacha nafasi ili karatasi isigusane na kioo.

Miaka yote niliamini mama alichora huzuni. Fundi, mwenyeji wa Singida kunakolimwa alizeti, akanionyesha vichwa vilivyoinama: “Dada, hizi zimekomaa. Yale manjano yamepukutika, lakini mbegu zimejaa. Hapa ndipo mkulima anavuna.” Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh naye, akiwa Paris mwaka 1887, alichora alizeti zilizokatwa na kuanza kukauka, mbegu zikionekana wazi.

Alichukua hela ya kioo tu. Fundi wangu, Mungu akuzidishie. Na nyie wenye picha za wazee zilizoharibika, msizitupe. Mpelekeeni kazi, mmlipe vizuri kuliko anavyodai.